Siku Mbili Ndani ya Gari la Mkate

Nikisema kwamba miaka ile ya hamsini, pale Kariakoo, mimi na mume wangu tulikuwa na nyumba yenye magurudumu, wajukuu hutazamana, wakadhani uzee umeanza kunichezea. Hawajui. Ningekuwa na uwezo wa kulisahau gari lile ningelisahau zamani, pamoja na harufu yake ya hamira na petroli, na pamoja na Jumamosi ile tuliyoondoka nalo kwenda kupumzika kandokando ya bandari. Kupumzika! Nimewahi kupika kwenye arusi ya siku saba na sikuchoka kama nilivyochoka siku zile mbili.

Nianze na nyumba ya kawaida, ile isiyotembea, maana bila hiyo mambo haya hayaeleweki. Tulikaa katika nyumba ya mama mkwe wangu, ya vyumba sita kama zilivyokuwa nyingi mtaani kwetu: ukumbi katikati, vyumba vitatu mkono huu na vitatu mkono ule, na uani jiko, kisima na choo. Kuta za vyumba hazikufika juu. Ziliishia chini ya paa zikaacha nafasi ya dhiraa nzima, ili upepo upite. Upepo ulipita kweli, na maneno nayo yalipita. Mtu akipiga chafya chumba cha mbele, wa chumba cha nyuma humwombea afya bila kuinuka kitandani. Mama mkwe alikaa chumba cha kwanza, sisi cha pili, na cha tatu alikipanga bwana mmoja wa Kilimanjaro, Mkristo, mfanyabiashara wa vitunguu pale sokoni, mtu mpole mwenye kikohozi kisichopona. Upande wa pili alikaa wifi yangu, dada wa mume wangu, aliyekuwa ameachwa na mumewe akarudi kwao na ulimi wake. Vyumba viwili vilivyobaki vilijaa magunia ya vitunguu.

Na mimi, katika nyumba hiyo, nikawa na siri.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, mwaka wa tatu wa ndoa, na sijazaa. Asubuhi tatu kwa juma nilikwenda kusaidia kliniki ya akina mama, kupima uzito wa watoto na kuandika kwenye kadi, kwa sababu nilisoma mpaka darasa la nane na mwandiko wangu ulisomeka. Sista wa pale, mama mkali asiyependa maneno mengi, alinitazama miezi kadhaa kisha akaandika barua kwa niaba yangu. Siku moja akanipa majibu. Nimepata nafasi ya kusomea ukunga, hospitali moja upande wa Dodoma, mwaka mmoja na nusu, kulala bwenini. Pamoja na barua ilikuja fomu, na chini ya fomu ulikuwapo mstari mtupu kwa ajili ya sahihi ya mume. Fomu ilitakiwa irudi kwa sista baada ya majuma matatu, Jumatatu asubuhi. Ikichelewa, nafasi inakwenda kwa mwingine.

Barua yenyewe ilikuwa ya Kiingereza. Niliisoma jioni ile ile, mume wangu akiwa ukumbini, nimekaa kitandani, kwa kunong'ona, nikijitafsiria mstari kwa mstari ili nihakikishe sioti. Nilifanya hivyo mara tatu au nne. Halafu nikaikunja pamoja na fomu, nikavitia ndani ya foronya ya mto wangu wa kulalia, nikaushona mdomo wa foronya kwa uzi.

Nilitaka nafasi ile mpaka nikawa sisikii ladha ya chakula. Wala nisingeogopa kumwambia mume wangu tukiwa peke yetu, kwa kuwa hakuwa mtu wa makelele. Lakini peke yetu ni wapi? Chochote ambacho ningemwambia yeye ningekuwa nimemwambia mama yake, na dada yake, na muuza vitunguu. Na niliyajua watakayoyasema, au nilidhani nayajua: mwanamke miaka mitatu hajashika mimba, sasa anataka kumkimbia mumewe akazalishe wake za watu. Nilikuwa nimeshayasema maneno hayo kwa niaba yao mara nyingi kichwani, kwa sauti ya wifi.

Kila jioni tukishamaliza kula nilijikaza. "Bwana, nina neno."

"Sema," mume wangu alijibu.

Na hapo hapo nyumba nzima ilinyamaza. Mama mkwe aliyekuwa akitwanga tangawizi aliacha kutwanga. Wifi aliyekuwa akipiga soga uani alikata soga. Hata kikohozi cha chumba cha tatu kilikatika. Nilikasirika hadi masikio yakapata moto. Wametega! Hawana hata haya! Basi nami nilimeza mate nikasema neno la kwanza lililonijia. "Unga umekwisha."

"Haya," alisema mume wangu, na kesho yake alileta unga. Sikuwa na akili ya kubuni jambo jingine. Juma la kwanza nilimwambia mara nne kwamba unga umekwisha. Juma la pili tukaanza kuuhifadhi chini ya kitanda.

Sasa gari. Mume wangu alikuwa fundi makenika katika gereji moja pale Gerezani, na siku moja walikuja Wazungu wawili, mtu na mkewe, wanatoka Kenya na gari lenye vitanda, meza, na pazia dirishani. Walikuwa wakilala kila walipofika. Mume wangu aliwarekebishia breki na akarudi nyumbani kama mtu aliyeonyeshwa jambo. Juma lile lile, nalo ndilo juma la barua yangu, alimwomba mwenye gereji mzoga wa gari la mkate lililotupwa nyuma ya karakana, akapewa. Kila jioni kabla ya kuja kula alikuwa huko na msumeno na misumari. Alitengeneza vitanda viwili kwa mbao za masanduku ya chai. Alitoboa dirisha. Alilipaka rangi ya kijani, lakini gari lile lilikuwa limepeleka mikate katika mitaa yote ya mji kwa miaka, na hata ungelipaka wino watu wangelijua.

"Jumamosi nikitoka kazini twende bandarini," aliniambia. "Tulale huko, turudi Jumapili. Mimi na wewe."

Mimi na wewe! Ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya ile Jumatatu. Mwenyezi Mungu amenisikia, nikasema. Nilifunga vitu vichache tu: mkeka, sufuria, birika, sukari, na mto wangu. Nilipanga kila kitu. Tutafika, tutakunywa chai, nitasema, ataweka sahihi, basi.

Saa nane mchana nilitoka barazani na mto wangu kifuani. Mama mkwe alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, buibui limenyooka, chetezo mapajani kinafuka moshi.

"Shikamoo, mama," nilisema. "Unakwenda wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Hii ni nyumba mpya. Nyumba haijasomewa dua, mtalalaje ndani yake? Mnataka kulala na mashetani?"

"Mama, ni siku moja tu."

"Siku moja ndiyo ya kwanza," alinijibu, akapepea chetezo, hatua mbili kutoka kwenye tangi la petroli.

Nyuma, wifi alikuwa amekaa juu ya kitanda changu na mbuzi ya kukunia nazi, nazi sita, jiko la mkaa, chupa ya mafuta, na kuku hai aliyefungwa miguu. Muuza vitunguu alisimama mlangoni na gunia dogo begani. "Shemeji," aliniambia kwa upole, "gari likikwama atalisukuma nani? Nimeona nisiwaache." Mtu huyu hakuwahi kukosa kanisa Jumapili hata moja tangu ahamie kwetu, hata alipokuwa na homa. Sikujiuliza. Nilikuwa nimeshughulika kumtafuta mume wangu nimtazame usoni.

Nilimkuta anapakia magunia matatu ya unga.

"Ya nini haya?"

"Si ulisema unga umekwisha?"

"Na hawa?"

"Walisema wanakuja," alijibu. "Nikawaambia karibuni." Kwa sauti ya mtu anayeeleza kwamba mvua imenyesha. Angefanya nini? Mtu akikwambia nami naja, kwetu jibu ni moja tu, na mume wangu hakuzaliwa na la pili. Nilipanda nyuma nikakaa juu ya unga.

Lilichukua nusu saa kuwaka. Wachukuzi wa sokoni waliacha mizigo yao wakaja kulisukuma, huku wakiimba, na akina mama wa samaki wakiuliza kama mkate leo umeolewa, mbona umefungiwa pazia. Wifi aliwajibu kila mmoja. Mimi nilijifunika kanga.

Tulisimama kwanza Kivukoni, chini ya mivinje, mbele ya maji. Nakubali palikuwa pazuri. Meli mbili kubwa zilikuwa zimetia nanga, upepo unavuma, na mume wangu alifungua milango ya nyuma yote miwili ili tuone bandari kutoka kitandani kama wale Wazungu wake. Hilo ndilo lilikuwa kosa. Makuli wa bandarini walikuwa wanatoka kazini, wachovu, wana njaa, wakaliona gari la mkate limefungua milango. Wa kwanza akaja akasimama nyuma yetu. Wa pili akasimama nyuma yake. Nilipotazama tena, pana foleni.

"Mkate umebaki?" aliuliza wa kwanza.

"Hatuuzi mkate," nilisema. "Hii ni nyumba."

Alitazama ndani, akaona magunia ya unga, akanitazama mimi kwa huruma. Na hapo mama mkwe akasema, kutoka kiti cha mbele, "Mwanangu, watu wana njaa. Utawarudisha hivi hivi kutoka mlangoni pako?"

Mlangoni pangu! Basi tulikanda. Wifi aliwasha jiko la mkaa mchangani, mimi nikasukuma chapati juu ya kifuniko cha sanduku la chai, na mume wangu akawa anazunguka, "Karibuni, karibuni, jamani karibuni," kana kwamba tumemwalika Dar es Salaam yote. Kila nilipoinua kichwa foleni ilikuwa ndefu zaidi. Nilikuwa na mafuta hadi viwikoni. Muuza vitunguu alikata vitunguu vyake kwa hiari akavigawa, analia machozi na kutabasamu. Gunia la kwanza likaisha. La pili likaisha. Jua lilikuwa linateremka nyuma ya mji na sijasema hata nusu ya neno langu.

Halafu akaja askari, kaptula imepigwa pasi, akataka leseni ya biashara.

"Hatuuzi, afande," mume wangu alisema. "Tunagawa."

"Mnamgawia nani?"

"Anayekuja."

Askari alifikiri. Sheria yake haikuwa na mahali pa kumweka mtu anayegawa chapati kwa anayekuja. Mwishoni alisema tuondoke, mahali pale si pa kupika, lakini iliyo motoni imalizwe kwanza. Akala mbili.

Tukaondoka giza linaingia hadi Kurasini, kando ya mkono wa bahari unaoingia nyuma ya bandari, penye mikoko. Mume wangu alipenda mahali pakavu pa chini, karibu kabisa na maji. Mama mkwe, mtu wa pwani tangu babu wa babu yake, aliangalia juu.

"Mwezi mpevu," alisema. "Ni bamvua. Maji yatajaa sana kesho asubuhi."

"Tutakuwa tumeshaamka, mama," alijibu fundi wa breki.

Hapo likaja suala la kulala, na ndipo niliposadiki kwamba nimelaaniwa. Vitanda viwili. Mama mkwe kimoja, mimi na wifi cha pili. Wanaume nje, chini ya turubai. Nilikuwa nimesafiri kutoka Kariakoo mpaka Kurasini ili nilale mbali zaidi na mume wangu kuliko nilivyolala tangu anioe. Kabla ya kulala mama mkwe aliusoma uradi wake, akazungusha chetezo kila pembe mpaka tukakohoa sote, akaomba. Alisema mengi. Nilisikia akisema, "Wenye nyumba hii wafike salama huko waendako."

"Tumeshafika, mama," nilimwambia. Nilikuwa nimechoka na adabu yangu yote imeisha.

"Itikia amina," alisema. Nikaitikia.

Asubuhi nilimvizia mume wangu. Nilichukua ndoo nikamwambia anisindikize kutafuta maji ya kunywa kwenye nyumba za jirani. Njiani nilihesabu mikoko. Tulipofika mahali ambapo sauti za wengine hazifiki, niliiweka ndoo chini.

"Bwana, nina neno."

Alisimama. Akanigeukia mwili mzima. "Sema," alisema, na nikaona ameshika mikono yake miwili nyuma, kama mtu anayesubiri hukumu.

Nilifungua mdomo. Nasema kweli, lilikuwa limefika kwenye meno. Na hapo jirani yetu wa vitunguu akatokea mbio kati ya mikoko, suruali imekunjwa hadi magotini. "Gari linazama!"

Bamvua ilikuwa imekuja kama mama mkwe alivyosema. Maji yalishazunguka magurudumu ya nyuma, na magurudumu yenyewe yalikuwa yameingia kwenye matope mpaka nusu. Mama mkwe alikuwa ndani ya maji, buibui limefungwa kiunoni, anatupa vitu nchi kavu: mkeka, birika, kuku. Mume wangu akaingia nyuma ya gari, jirani pembeni yake, mimi nikaegemeza bega. Tulisukuma. Halikutikisika. Tukasukuma tena, matope yakaniingia mdomoni. Nilitazama kitandani kupitia mlango uliofunguka na kitanda kilikuwa kitupu, na maji yanaanza kuingia.

"Mto wangu wa kulalia uko wapi?" nilipiga kelele. "Mama, umeutupa wapi? Karatasi yangu imo ndani! Karatasi yangu!"

Waliacha kusukuma, wote. Nyumba nzima ikanyamaza, safari hii katikati ya matope ya Kurasini.

"Karatasi gani, mwanangu?" aliuliza mama mkwe. Polepole sana.

Na hasira yote ya majuma matatu ikapanda, ya unga na ya chapati na ya kulala na wifi. Nikayasema yote kwa kupayuka, maji yananifika magotini. Nimepata nafasi ya ukunga. Dodoma. Mwaka mmoja na nusu. Kesho asubuhi ndiyo mwisho. Nataka kwenda, nataka kuliko kitu chochote, na nimeshindwa kusema kwa sababu katika nyumba ile mtu hawezi hata kuvuta pumzi bila watu watatu kutega masikio!

Mama mkwe alishusha pumzi ndefu. "Alhamdulillahi," alisema. "Nilidhani mpaka nife hutasema."

Sikumwelewa.

"Siku ile ulipoisoma tuliisikia. Kizungu sikijui, lakini ulipotafsiri nilisikia kila neno. Ulitafsiri mara nne."

"Tano," alisema wifi. Alikuwa amesimama pakavu, na kifuani ameukumbatia mto wangu. "Huu nimeutoa wa kwanza kabisa, kabla hata ya kuku. Umeushona vibaya, wifi, unakwaruza shavu."

"Mlijua?" nilisema. "Mlijua, mkanyamaza? Majuma matatu?"

"Nimesikia," alisema mama mkwe, "lakini hujaniambia. Neno ni lako. Ningekubalije au ningekataaje jambo ambalo mwenyewe hajaniambia? Kila ulipoanza tulinyamaza ili usikosee. Kisha unasema unga."

"Mimi nilizuia hata kukohoa, shemeji," alisema jirani. "Kifua kiliniuma."

Nilitaka kuwapiga. Mmoja mmoja, kwa zamu. Badala yake nikaanza kulia, na nikasema lile ambalo sikukusudia kulisema kamwe. "Nilijua mtasemaje. Mtasema mwanamke hajazaa, anakwenda kuzalisha wenzake."

Mama mkwe alinijia ndani ya maji. Alinishika kidevu, mkono umejaa matope.

"Umekaa nyumba ile miaka mitatu," alisema. "Na wewe una masikio. Kuta ni zile zile. Umewahi kulisikia neno hilo kutoka chumbani kwangu? Kutoka kwa wifi yako huyu? Hata siku moja?"

Nilitafuta. Nilirudi nyuma miaka mitatu, usiku na mchana, kila soga ya uani, kila ugomvi wa wifi, kila dua ya alfajiri iliyopita juu ya ukuta. Sikulipata. Lilikuwa limesemwa kichwani mwangu tu, na mimi ndiye niliyelisema.

Mume wangu alikuwa bado ameegemea gari. Nikamgeukia yeye, maana lazima nimgeukie mtu. "Na wewe! Umejua majuma matatu, badala ya kuniuliza unahangaika na mzoga wa gari!"

Alilitazama gari, akaona haya kidogo. "Wewe ungelala bwenini," alisema. "Mimi ningelala wapi? Nilifikiri ningeliegesha nje ya hospitali. Magari yanaharibika hata Dodoma. Kila siku ukitoka ungenikuta."

Nililitazama nami. Pazia la kanga dirishani. Vitanda vya masanduku ya chai. Harufu ya hamira. Gari lililosukumwa na nusu ya soko ili liwake, na sasa limekaa kwenye matope mwendo mfupi kutoka nyumbani. Sijawahi kumkasirikia mtu kiasi kile wala kumpenda kiasi kile, na yote kwa wakati mmoja, nikashindwa hata kupangusa pua.

"Lakini hata Pugu hapo nje ya mji halifiki," nilimwambia.

"Najua," alisema. "Ndiyo maana nimeanza na Kurasini."

Tulilitoa adhuhuri, maji yalipokupwa, kwa msaada wa wavuvi wanne ambao bila shaka walikaribishwa, wakala, na gunia la tatu likaisha. Kalamu haikuwepo. Tulikuwa na mbuzi ya nazi, chetezo, birika, kuku na jamvi la kuswalia, na hakuna aliyekumbuka kalamu. Jirani alikuwa na kipande cha penseli ya kuandikia magunia, lakini fomu ilisema wino.

Kwa hiyo sahihi iliwekwa jioni ile ukumbini kwetu, kwa wino wa jirani, taa ya chemli mezani. Lakini kabla ya hapo mama mkwe alioga, akavaa kanga safi, akaketi kwenye kiti chake. Akasubiri. Nilielewa anachosubiri, na nilichoka mno kubisha. Nikaketi kwenye mkeka mbele yake.

"Mama," nilisema, "nina neno."

"Sema, mwanangu."

Nikamwambia lote tangu mwanzo, na yeye alisikiliza kana kwamba halijapata kufika masikioni mwake. Aliuliza ni wapi huko, na ni muda gani, na nitakula nini, na kuna baridi. Aliguna pale pa kuguna. Nilipomaliza alimgeukia mwanawe akamwambia, "Umesikia mkeo anavyosema?" Mume wangu akasema, "Ndiyo kwanza nasikia," akachovya kalamu.

Ilipokauka sahihi, kutoka chumba cha tatu, juu ya ukuta, jirani yetu akaanza kukohoa. Alikohoa kikohozi cha majuma matatu, na hakuna aliyemwambia anyamaze.